Mashua, nanga na miamba: kuielewa retro yenye mchezo ndani yake

Mwaliko unaingia kwenye kalenda ya timu: retro ya mradi, dakika 90, taswira ya leo ni safari ya mashua. Baadhi wanafurahi, wengine wanaguna. Wanaoguna wana maswali ya haki kabisa. Hiki ni kikao cha kazi au burudani ya kufungia mradi? Kuna mtu anakwenda kusemwa? Nikitoa la moyoni, litanirudia wakati wa tathmini ya mwaka? Na kama mambo yaliharibika kweli, kuchora mashua ubaoni kutasaidia nini?

Ninaongoza vikao vya namna hii, na maswali hayo hunipokea karibu kila timu mpya. Naona mkanganyiko unatokana na mambo matatu kuchanganywa: kikao chenyewe, mchezo unaotumika ndani yake, na kile kinachotoka mwishoni. Tuyatenganishe, tuanze na kikao.

Retro, kifupi cha neno la Kiingereza "retrospective" (kutazama nyuma), ni kikao ambacho timu inasimama kidogo, inatazama kipindi cha kazi kilichopita, kisha inaamua jambo la kubadilisha katika namna inavyofanya kazi. Kuonyesha bidhaa kwa mteja kuna kikao chake. Kujua nani anastahili kupandishwa cheo kuna kikao chake pia, na hicho kikiingia humu, watu wote wanafunga midomo. Fikiria timu ya mpira inapokaa kutazama mkanda wa mechi ya jana. Matokeo yanajulikana na hayabadiliki. Wanachotaka kujua ni kwa nini upande wa kushoto ulibaki wazi kila mara, ili mechi ijayo usiwe wazi.

Utaratibu huu haukuanzia kwa watu wa kompyuta. Jeshi la Marekani limekuwa likitumia tangu miaka ya 1970 mapitio ya baada ya zoezi yenye maswali machache: tulitarajia nini kitokee, kilitokea nini, kwa nini kukawa na tofauti, na safari nyingine tufanyeje. Mwaka 2001 Norman Kerth alichapisha kitabu kizima kuhusu retro za miradi. Mwaka huohuo, mwezi Februari, wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, jimboni Utah, wakaandika tamko la Agile, yaani namna ya kutengeneza programu kwa hatua fupi na kujirekebisha njiani. Kati ya kanuni 12 zinazoambatana na tamko hilo, ya mwisho inaitaka timu ijitathmini kila baada ya muda na kurekebisha mwenendo wake. Mwaka 2006 Esther Derby na Diana Larsen waliipanga retro katika hatua tano ambazo waongozaji wengi bado wanazifuata: kuandaa mazingira, kukusanya taarifa, kutafuta maana yake, kuamua la kufanya, na kufunga. Siku hizi zinafanywa na timu za ujenzi, za uhariri, za mafunzo, na nyingine nyingi zisizogusa programu za kompyuta kabisa.

Kerth aliacha pia kanuni moja ambayo husomwa mwanzoni mwa retro nyingi. Kwa ufupi inasema: hata tugundue nini, tunaamini kwamba kila mmoja alifanya kazi kwa uwezo wake wote, kulingana na alichokijua wakati ule, ujuzi aliokuwa nao, nyenzo zilizokuwepo na hali yenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani kanuni hiyo inafuta uwajibikaji, kwamba mtu anaweza kuzembea kisha akajificha nyuma yake. Lakini kanuni haisemi kazi ilikuwa nzuri. Inaelekeza swali mahali penye jibu. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba tukishajua jambo lilivyoishia, tunaamini lilikuwa rahisi kulitabiri kuliko lilivyokuwa kweli. Ndiyo maana kila mtu huwa hodari baada ya tukio. Ukimuuliza mwenzako "kwa nini hukuliona hili?", unampima kwa habari ambazo hakuwa nazo. Ukiuliza "siku ile tulikuwa na taarifa gani mbele yetu, na ipi ilikosekana?", unapata kitu cha kurekebisha. Uzembe wa mtu mmoja mmoja, kama upo, unashughulikiwa na msimamizi wake faraghani, na mahali pake hapajawahi kuwa ubaoni mbele ya watu saba.

Sasa mchezo

Kama kikao ni cha maana hivyo, kwa nini kisifanywe kwa kuuliza tu nini kilikwenda vizuri na nini kilikwenda vibaya? Kinaweza, na timu nyingi hufanya hivyo. Tatizo linajitokeza baada ya kurudia. Majibu yanaanza kufanana, wale wawili wanaopenda kuzungumza wanazungumza, na swali la "nini kilikwenda vibaya" linasikika masikioni mwa watu kama "nani aliharibu".

Taswira inakuja kutatua hilo. Inampa kila mtu kitu cha tatu cha kutazama, kilichoko ubaoni, ambacho si yeye wala si mwenzake. Luke Hohmann, aliyeeneza mchezo wa mashua, aliutumia kwanza kwa wateja: mashua ni bidhaa, nanga ni vitu vinavyomkera mteja. Alitaka malalamiko yatoke bila mazungumzo kugeuka ugomvi. Timu za miradi ziliona faida yake zikauchukua, zikaongeza upepo, miamba na kisiwa.

Nieleze jinsi unavyokwenda, maana hapa ndipo penye utamu.

Chukua timu ya watu saba iliyomaliza mfumo wa kuandikisha washiriki wa mafunzo, ikakabidhi wiki tatu baada ya tarehe iliyoahidiwa. Mwongozaji anachora mashua katikati ya ubao. Mchoro ukiwa mbaya ni afadhali zaidi, kwa sababu hakuna atakayeogopa kuubandikia kadi. Mbele ya mashua kuna kisiwa: ndiko tulikokuwa tunakwenda. Juu kuna upepo: kilichotusukuma. Chini kuna nanga: kilichotukawiza. Kati ya mashua na kisiwa kuna miamba: hatari ambazo bado ziko mbele yetu, hata kama safari hii tuliponea chupuchupu.

Kila mtu anapewa karatasi za kunata na kalamu. Wanaandika kimya kwa dakika saba au nane, jambo moja kwenye kila karatasi. Ukimya huo una sababu. Wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wanaofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa, hutoa mawazo mengi kuliko idadi hiyohiyo ya watu wakifikiri kwa sauti pamoja. Sababu kubwa ni ya kawaida kabisa: mmoja akizungumza, wengine wanasubiri zamu, na wakisubiri wazo linapotea. Zaidi ya hapo, mtu wa kwanza kusema mara nyingi huwavuta wengine upande wake. Kalamu inavunja mambo yote mawili. Mgeni wa timu na mkongwe wake wanabandika kadi za ukubwa mmoja.

Tuseme kwenye nanga inatokea kadi hii: "Mkuu wa idara hajibu barua pepe." Hiyo ni kadi ya lawama, hata kama ni ya kweli. Ikisomwa hivyo, mmoja atamtetea mkuu, mwingine ataongeza visa, na dakika 20 zitateketea. Mwongozaji anayeijua kazi yake haikatai kadi wala hamkaripii aliyeandika. Anauliza ndani ya taswira: "Nanga hii imefungwa kwenye nini?" Watu wanafikiri. Mmoja anasema maandishi ya fomu yalihitaji idhini. Mwingine anaongeza kwamba idhini hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu, na aliposafiri hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kutia saini. Wa tatu anakumbuka kwamba hilo liligundulika wiki ya pili, kazi ikiwa imeshasimama. Kadi inaandikwa upya: "Idhini ya maandishi ilitegemea mtu mmoja, na hatukulijua hilo mapema."

Linganisha kadi hizo mbili. Ya kwanza haina la kufanywa zaidi ya kutamani mkuu abadilike. Ya pili ina kazi ndani yake: kabla mradi ujao haujaanza, msimamizi wa mradi ataandika majina ya watu wawili wenye mamlaka ya kuidhinisha, na mkuu mwenyewe akiwa chumbani hana sababu ya kuikataa, kwa sababu hakuna aliyemshtaki. Swali la nanga limeyafanya hayo yote.

Miamba nayo isipitwe haraka. Timu nyingi hutumia muda wote kwenye nanga kwa sababu ndizo zinazouma. Ila miamba ndiyo inayotazama mbele. Mwanasaikolojia Gary Klein aliandika mwaka 2007 kuhusu zoezi lililo karibu na hilo: mradi haujaanza, lakini timu inaambiwa ifikirie kwamba umeshafeli vibaya, kisha kila mtu aandike sababu. Watu wanaoona aibu kusema "nina wasiwasi" huandika bila shida wakiambiwa kushindwa kumeshatokea. Mwamba ubaoni unatoa ruhusa hiyohiyo.

Kuchagua taswira

Mashua haina uchawi wa pekee. Bustani inafaa: kilichopandwa, kilichomwagilia, magugu, wadudu. Kupanda mlima kunafaa. Hata hali ya hewa ya wiki zilizopita inafaa kwa kikao kifupi. Ninachokipima kabla ya kuchagua ni kama taswira ina mahali pa kuweka maumivu. Sherehe ya kuzaliwa inachangamsha, lakini jaribu kutafuta mahali pa kubandika "tulipoteza mteja". Hakuna. Taswira isiyo na mahali pa jambo baya inawaambia watu bila kutamka kwamba mabaya hayatakiwi leo, na wao ni wepisi wa kuelewa.

Kipimo cha pili ni kama kila mtu anaijua. Taswira iliyojengwa juu ya filamu au mchezo wa video unaopendwa na watu wanne inawaacha watatu wakitabasamu kwa adabu. Usichague pia taswira iliyo jeraha kwa mtu. Ajali, ugonjwa na vita vipo katika maisha halisi ya watu, na hujui nani aliyekaa mbele yako amepitia nini. Kwa sababu hiyohiyo, hata mashua naiacha nikijua kuna aliyempoteza mtu majini.

Je, kila retro iwe na taswira mpya? Hapana, na hili naona linawachosha waongozaji bure. Ukibadilisha kila mara, nusu ya muda unakwenda kwenye kueleza kanuni. Timu ikizoea mashua, inakwenda moja kwa moja kwenye kazi. Badilisha pale kadi zinapoanza kujirudia au watu wanapoandika kwa mazoea.

Dhana nyingine niipinge kwa nguvu zaidi: kwamba mwongozaji lazima awe mcheshi. Nimeona vikao vizuri vikiongozwa na watu wapole wasiotoa utani hata mmoja. Mchezo hapa maana yake ni kanuni zilizokubaliwa, nafasi iliyotengwa, na ruhusa ya kusema mambo kwa lugha ya picha. Vicheko vikija, vije. Kuwalazimisha watu wazima wavae kofia za ubaharia au wapige kelele za mawimbi ni njia ya uhakika ya kuwapoteza wale waliokuwa wakiguna tangu mwaliko. Mtu aachwe huru kushiriki kwa kuandika tu.

Muda na chumba

Mwongozo wa Scrum, utaratibu wa kufanya kazi kwa mizunguko ya muda maalumu unaofuatwa na timu nyingi za programu, unaweka ukomo wa saa 3 kwa retro ya mzunguko wa kazi wa mwezi mmoja, na mizunguko mifupi kwa kawaida huhitaji muda mfupi zaidi. Kwa dakika 90, mimi hugawa hivi: dakika kumi za kufungua, kusoma kanuni na kueleza taswira, robo saa ya kuandika na kubandika, dakika 25 za kusoma na kuunganisha kadi zinazofanana, nusu saa kwa mambo mawili yaliyopata kura nyingi, zilizobaki ni za kuamua na kufunga. Kura ni nukta: kila mtu ana nukta tatu, anaziweka kwenye kadi anazoona zijadiliwe. Kadi zisizojadiliwa hazitupwi, zinapigwa picha na kuhifadhiwa.

Kosa linaloua vikao vingi ni kula muda wa kuamua. Mazungumzo yamenoga, saa imekwenda, mwongozaji anasema hatua za utekelezaji zitatumwa kwa barua pepe. Hazitumwi. Zikitumwa, ni za mtu mmoja aliyeziandika peke yake, na timu haizitambui. Heri kukata mjadala katikati.

Kuhusu nani aongoze: ikiwezekana, asiwe bosi wa timu. Bosi anaweza kuwepo na kuandika kadi zake kama wengine, ila akishika kalamu ya ubao, watu wanaandika anachotaka kusoma. Timu mbili zinaweza kubadilishana waongozaji na tatizo likaisha. Kama wanatimu wanafanya kazi kutoka mahali tofauti, tumieni ubao wa mtandaoni, na kila mmoja awe kwenye skrini yake, hata wale waliokaa chumba kimoja. La sivyo, wa chumbani wanazungumza wao kwa wao na walioko mbali wanabaki watazamaji.

Hakuna taswira inayoweza kuziba pengo la hofu. Amy Edmondson, alipotafiti timu za hospitali katika miaka ya 1990, alitarajia kwamba timu zinazoelewana zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Maelezo aliyofikia ni kwamba huko watu walikuwa huru kusema. Mwaka 1999 alichapisha utafiti wa timu 51 za kampuni moja ya kutengeneza bidhaa kuhusu hali hiyo, ambayo sasa inajulikana kama usalama wa kisaikolojia. Kwa hiyo ukiona retro yenye kadi nyingi za nanga, usikimbilie kuhitimisha kwamba timu imeoza. Ubao uliojaa upepo mtupu baada ya mradi uliochelewa wiki tatu unanitia wasiwasi zaidi.

Unaweza kupima kabla ya kuanza. Kila mtu anaandika namba kwenye karatasi bila jina, 1 hadi 5, jinsi anavyojisikia huru kusema wazi katika kundi hili. Karatasi zinakunjwa, mwongozaji anazisoma. Zikijaa 1 na 2, acheni mashua. Kaeni mjadiliane kwa jumla, bila kumtafuta aliyeandika nini, ni masharti gani yangefanya watu waseme. Mara nyingi sharti la kwanza ni kukubaliana kumbukumbu za kikao zitasomwa na nani. Ahadi hiyo itolewe na mkuu mwenyewe, mbele ya watu, na itimizwe.

Kuna nyakati ambapo taswira ya mchezo haifai hata timu ikiwa na imani. Watu wameachishwa kazi wiki hiyo. Timu imefiwa. Kuna shutuma za unyanyasaji, au ugomvi wa watu wawili ambao kila mtu anaujua. Katika hali hizo mashua ubaoni ni kejeli kwa walioumia, na baadhi ya mambo hayo yana taratibu zake rasmi ambazo retro haipaswi kuziingilia. Ahirisha, au fanya kikao cha kawaida kabisa, cha maneno machache.

Kinyume chake, usisubiri mambo yaharibike. Wapo wanaoamini retro ni ya miradi iliyofeli. Mradi uliokwenda vizuri una upepo ambao hakuna aliyeutambua: labda kazi ilikwenda haraka kwa sababu mteja aliwekwa kwenye kikao cha kila wiki, na hilo lilitokea kwa bahati tu. Lisipoandikwa, mradi ujao hautakuwa nalo.

Kinachotoka

Retro ya dakika 90 inapaswa kutoa jambo moja au mawili ya kufanya. Nikiona orodha ya kumi najua hakuna litakalofanyika. Kila jambo liwe na jina la mtu mmoja, tarehe, na maneno yanayoonyesha mwisho wake. "Kuboresha mawasiliano" haliwezi kukamilika, kwa hiyo halitaanza. "Kuanzia Jumatatu, mabadiliko yoyote ya fomu yanaandikwa kwenye jedwali la pamoja kabla ya kazi kuanza" linaweza kukaguliwa na mtu yeyote.

Halafu retro inayofuata ianze na hayo, kabla ya kuchora chochote. Lilifanyika? Lilisaidia? Kama halikufanyika, sababu ni nini? Jambo likiahirishwa mara mbili mfululizo, timu ichague: ilifute kwa sababu halikuwa na uzito, au ikiri kwamba liko nje ya uwezo wake na kumkabidhi msimamizi alipeleke juu kwa maandishi. Msimamizi naye arudi na jibu kwenye retro inayofuata, hata kama jibu ni hapana, pamoja na sababu yake.